Wachezaji wanapenda dadu lakini stori hawaifuati, nifanye nini?

NahodhaWaTudor

Asalam aleikum jamani, habari za siku. Naulizia wale mnaoendesha D&D (Dungeons & Dragons) ama mchezo wowote wa kuigiza wa mezani, yaani ule wa karatasi na dadu, si wa kompyuta. Sisi twacheza hapa Mombasa, Jumamosi jioni nyumbani kwangu Tudor, wachezaji watano, mimi ndio DM, yaani yule anayesimulia na kuendesha mchezo, na kampeni, hiyo hadithi ndefu ya vikao vingi, ni ileile moja miaka sasa, twasimama Ramadhani tu na zile wiki ambazo mmoja wetu ana shifti ya usiku bandarini.

Dunia yetu ni pwani ya kubuni, mji wa kisiwani unaofanana na Mvita wakati Mreno yuko ndani ya Ngome, ila kuna majini na uganga, kuna wafanyabiashara wa Oman na Gujarat, kuna mitepe na majahazi. Adui mkuu ni waziri anayeuza mji kidogokidogo kwa wageni. Nimeitia moyo wangu wote hii stori, nimesoma mpaka habari za ule mzingiro wa Fort Jesus wa 1696 mpaka 1698, vile waliokuwa ndani maradhi yaliwamaliza zaidi kuliko panga, na hayo yote nimeyatia ndani.

Sasa shida ni hii. Watu wanakuja, hakuna anayekosa bila udhuru, wanacheka, vita wanapigana vizuri sana, dadu ya pande ishirini ikitua ishirini jirani wa juu anajua. Lakini stori haiwashiki. Jumamosi iliyopita waziri mwenyewe kaingia ukumbini, mtu wanayemwinda tangu mwanzo, nikanyamaza kidogo nione nyuso zao, mmoja akaniuliza "kwani huyu ndiye yule wa meli ama yule wa msikitini?" Mwengine yuko kwa simu. Mwengine ashaanza kuuliza kama mlangoni kuna mlinzi wa kupigana naye. Hawa ni marafiki zangu na sitaki kumfokea mtu kwa ajili ya mchezo, lakini inaniuma manake naiona stori nzuri pale na hakuna anayeishika.

Je kampeni ikifika hapa inafufuka ama niifunge tuanze nyingine? Na nyie mnawashikaje watu miaka yote hiyo?

BintiKibokoni

Waaleikum salaam kaka. Usiifunge. Watu wazima watano wanaokuja kwako kila Jumamosi na kazi zao na watoto wao na foleni ya Nyali jioni ile, hao wanaupenda mchezo wako, kwa hivyo hapo usijitie wasiwasi.

Swali langu kwako ni moja. Huyo waziri amewafanyia nini WAO? Mji anauza, sawa, lakini mji ni wa nani? Yule mwenye simu, karakta wake, yaani mtu anayemwigiza, amepokonywa nini na waziri? Kama jibu ni hakuna basi usishangae hamjui, hata mimi waziri ambaye hajanigusa simkumbuki jina.

Ntakupa mfano wa mezani kwangu. Nilikuwa na mzee muuza kahawa, nimemtia pale awaonyeshe tu njia ya kwenda forodhani, hana hata jina, ana dele lake na vikombe anavigonga mkononi akipita. Mchezaji mmoja akasema "nampigia makelele aje nataka kikombe," akanywa, kisha akasema sina chenji ntakulipa kesho, wakaenda zao. Kikao kilichofuata wakapita njia ileile nikamtoa yule mzee, "mwanangu, ile kahawa ya juzi?" Meza nzima ikacheka. Tena hakulipa! Akafanya makusudi sasa, wakawa kila wakipita mzee yuko na anadai na deni linazidi na wao wanampa ahadi, mmoja akamletea tende, mwengine akaanza kumuuliza habari za mji kwa sababu muuza kahawa anasikia kila kitu. Ikawa ndio rafiki yao. Hapo ndipo nikawatuma askari wa liwali wamkamate, kosa lake ni kuonekana na hao vijana. Kaka, wallahi waliacha kila kitu, hazina waliyokuwa wanaifuata wakaiwacha, usiku mzima wapanga vile watamtoa gerezani, na yule ambaye kawaida hasemi ndiye aliyechora ramani ya ukuta. Na hapo ndipo walipomjua bwana mkubwa aliyetoa amri ya kumkamata, na mpaka leo jina lake halijawahi kumpotea mtu.

Mimi naona mchezaji anakumbuka alichokitenda yeye, ulichomsimulia wewe kinapita tu. Historia yako ya mzingiro ni nzuri na isipotee, lakini wataijua wakishakuwa na mtu wao ndani ya huo ukuta.

Kwa hivyo chukua karatasi zao za karakta usome. Kama mnatumia toleo la tano la D&D la 2014 kuna pale pa kuandika anaamini nini, amefungamana na nani, udhaifu wake ni upi. Watu wengi wajaza siku ya kwanza halafu hapasomwi tena. Tafuta kwa kila mmoja mtu anayempenda, mtu anayemdai ama anayedaiwa naye, halafu huyo waziri mpitishe humo. Hana haja ya kuwa kila mahali, apite tu kwa watu wao.

Na la mwisho, yale maelezo ya "kikao kilichopita tulifanya hivi na hivi" usiyatoe wewe. Kwangu mimi nasema "Paukwa!" wao "Pakawa!" halafu mmoja wao ndiye anasimulia, kwa zamu. Akikosea wenzake wanamrekebisha, wanabishana, na katika kubishana wanakumbuka. Wewe kaa kimya uandike wanachokitaja. Kile walichokitaja ndicho stori yenu saa hii, na mtu ambaye hatajwi kila mara mpandishe jahazi aende zake Lamu, usiendelee kumbeba.

Kaskazi_Bamburi

Dada hapo juu ashamaliza ila naongeza mawili matatu haraka haraka.

Majina yapunguze. Ukiwa na waziri, naibu wa waziri, nahodha wa waziri na sharifu mmoja anayefanya kazi na waziri, kwa mchezaji hao wote ni mtu mmoja. Mpe kila mtu kitu kimoja cha mwilini kinachoonekana ama kunusika. Waziri ananuka udi na kidole chake cha shahada kina wino. Basi. Ukitaka kumrudisha usiseme jina, sema mlango umefunguka na harufu ya udi imeingia kwanza, halafu ngoja. Waache wao walitaje jina.

Chakula kiliwe kabla. Mishkaki na viazi karai vikifika waziri akiwa anahutubia, waziri atashindwa na hutamlaumu mtu. Sisi twala baada ya Magharibi, meza inapanguswa, ndio dadu zinatoka.

Vita vyako vikiwa virefu punguza. Wachezaji watano na maadui kumi na wawili, mtu akishamaliza zamu yake anangoja mpaka anasahau, lazima ashike simu. Tia maadui wachache, wakishaona wanapigwa wakimbie ama wasalimu amri waombe maisha, na ukimwita mtu zamu yake mwambie na anayefuata ajitayarishe. Adui aliyekimbia pia ni faida, manake yuwaweza kurudi na kinyongo.

MchezajiTu

Mimi si DM naongea kama mtu wa upande wa pili wa meza. Nimecheza kwa watu tofauti hapa Mombasa na Mtwapa na nataka kuwaambia madiemu kitu kimoja bila kumkosea mtu adabu. Ukianza kutusomea habari za mji kwa dakika ishirini twakaa kama watu wa khutba ya Ijumaa, tumetulia, heshima ipo, lakini hakuna anayeinua mkono akabisha. Na sisi tumekuja kubisha. Twataka kugusa vitu, twataka kuharibu na kutengeneza.

Kitu kilichoniamsha mimi ni tulipopoteza. DM wetu alibandika karatasi ukutani ina duara, amelikata vipande sita, hakusema ni la nini. Kila tukipoteza siku, mara tumelala kijiji fulani, mara tumegeuka kutafuta upanga wa mtu, anasimama anachukua kalamu anatia rangi kipande kimoja kisha anarudi kukaa kama hakuna kitu. Tukaanza kuliangalia duara kuliko hata kumwangalia yeye. Likajaa. Tukarudi mji wetu tukakuta bendera nyengine, na yule dada wa gesti aliyetupa vyumba bure hayuko, mlango umepigiliwa misumari. Hakuna aliyetuambia "mngefanya haraka". Tulijua wenyewe. Tangu siku hiyo mtu akisema tulale hapa siku tatu watu wanamwangalia.

Sasa wewe Nahodha una bahati ambayo wenzako wa bara hawana, una pepo za bahari. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Uarabuni na India, Disemba mpaka kama Machi hivi, kisha kusi inawarudisha, na nahodha aliyechelewa kusi ikichachamaa katikati ya mwaka haondoki, anangoja. Hiyo ndiyo saa yako, tena ya kweli. Wageni wanaonunua mji lazima waje na kaskazi. Wachezaji wawe wanajua kabisa, mwezi wa saba waambiwe na mvuvi, "kaskazi ikianza kuvuma zile meli zitakuwa pale mlangoni." Halafu wape uhuru wafanye watakalo, waende wanakotaka, kila kikao upepo ugeuke kidogo. Wakifika hawajajitayarisha ngome iwe imekwenda. Usiwaokoe. Tafadhali usituokoe, tukiona umetuokoa twajua hakuna kilicho na uzito.

Mzee_wa_Dadu_Nane

Nawasoma vijana wangu nafurahi sana, enzi zetu huu mchezo hapa mjini ulikuwa kitabu kimoja cha kopi kinazunguka kwa watu kumi.

Nahodha, tazama unalipa nini. Watu watafanya kile kinacholipwa. Sheria za kwanza kabisa za D&D za 1974, za Gygax na Arneson walioutunga mchezo, hazina ilihesabiwa, sarafu moja ya dhahabu ni pointi moja ya uzoefu, na hivyo ndivyo mtu alivyopanda levo. Ikawa wachezaji wa wakati ule hawakimbilii vita, zimwi likilala wanalipita kwa ncha za vidole, wanaiba, wanahonga, kwa sababu kuua zimwi faida yake ndogo na kufa kwenyewe ilikuwa rahisi. Baadaye michezo mingi ikaja kulipa zaidi kwa kuua na ndio unaona mchezaji wako anauliza mlinzi yuko wapi. Hana makosa, anatafuta riziki.

Kwa hivyo badilisha malipo. Mwisho wa kikao uliza mezani. Je tumegundua siri ya mtu? Je tumetimiza ahadi ama tumeivunja mbele ya watu? Je kuna mtu amejiponza kwa ajili ya mwenzake? Kila ndio ina pointi, na ni ya kikundi chote si ya mtu mmoja, wasije wakaanza kugombana. Utaona wanaanza kuzitafuta siri wao wenyewe.

BintiKibokoni

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima yote hapo kwa pointi mimi sikubaliani sana. Nimewaona wachezaji wakilipwa kwa kuigiza, wanaanza kuigiza kwa ajili ya malipo, ahadi zinatolewa ovyo ili zihesabike jioni. Mimi kwangu levo inapanda stori ikifika mahali pake na wote wanapanda pamoja. Nikitaka kumtuza mtu papo hapo natumia ile nafasi ya toleo la tano, arushe dadu mbili za ishirini achukue kubwa. Wastani unatoka 10.5 unafika karibu 13.8, si haba, na inatumika palepale, haibaki kuwa hesabu.

Mzee_wa_Dadu_Nane

Marahaba mwanangu. Na wewe pia umelipa, umelipa kwa njia nyengine tu. Siri ndiyo ninayoitilia mkazo zaidi, ahadi ziwache kama zakusumbua. Siri mtu hawezi kujitungia ili apate pointi, lazima aende aitafute.

BintiKibokoni

Kwa siri nakubali.

MjukuuWaShela

Mmesahau kitu kikubwa, tuna hadithi zetu za miaka na miaka na watu bado wazisikiliza. Fumo Liyongo. Kila mtoto wa Lamu na Pate anajua atauawa, anajua ni nani atamuua, anajua ni sindano ya shaba ya kitovuni, na bado usiku ule mtu akianza kusimulia hakuna anayeondoka. Kwa nini? Kwa sababu anayemuua ni mwanawe. Mfalme alijaribu hila nyengine zote Liyongo akatoka, akafungwa gerezani akatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate huku watu wakipiga ngoma na kuimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Adui wa nje hakumuweza. Siri yake ameitoa kwa mdomo wake, amempa mtoto wake aliyemuuliza kwa upole.

Sasa waziri wako ni adui tangu siku ya kwanza, na wachezaji wakishamjua mtu ni adui wanachongoja ni kupigana tu, ndio huyo anauliza mlinzi. Mpe waziri mapenzi. Mfanye awe amewafanyia jambo jema ambalo haliwezi kurudishwa, amemzikia mmoja wao baba yake kwa pesa zake, amesimamia harusi ya dada wa mtu, mkopo wa jahazi ameusamehe. Na awe anawapenda kweli, si uongo. Anauza mji kwa sababu anaamini bila hivyo utachomwa. Mji wetu huu wa Mombasa umewahi kuchomwa na Mreno zaidi ya mara moja, 1505 na 1528, kwa hivyo mtu mwenye akili anaweza kukaa akapiga hesabu akaona bora kuuza kuliko kuona moto tena. Mwache awaambie hayo wakiwa wamekaa naye kwa sinia moja. Uone kama kuna atakayeuliza huyu ni nani.

Na wewe pia uzikaribishe siri zao. Muulize mchezaji faraghani, "kitu gani kikijulikana kitamvunja karakta wako?" Akikupa umeshinda, manake hiyo sindano amekupa mwenyewe na ataisubiri.

NahodhaWaTudor

Jamani Mungu awazidishie, sikutarajia majibu mazito hivi. Nimekaa jana usiku na zile karatasi zao nikasoma moja moja kama alivyosema dada Binti. Yule mwenye simu, karakta wake ni baharia, ameandika "dada yangu alibaki Pate, tuliachana vibaya." Na Pate kwenye ramani yetu ndipo waziri anapopakia meli zake! Nilipoona nikasimama nikazunguka chumba. Mwengine ameandika ana deni la heshima kwa mwalimu wake wa chuoni. Mali ipo.

Hii ya pepo nayo imenikaa, naibandika ukutani wiki hii, ila sitachora duara, ntachora bahari na mshale wa upepo niugeuze kidogokidogo.

Yamebaki mawili. Kwanza huyo wa simu nimemuuliza pembeni, kumbe kazini wanaweza kumwita saa yoyote, lazima aiangalie. Pili nina mchezaji mmoja, mke wa rafiki yangu, haongei. Anarusha dadu, anapiga mishale, anatabasamu, lakini karakta wake hajawahi kusema sentensi mbili na mtu. Nikimuuliza "wewe wasemaje?" anasema "sawa tu naenda na wao." Naogopa nikimsukuma ataacha kuja.

MchezajiTu

Usimsukume, mimi ni kama huyo. Kunyamaza si kuchoka, yuwawezekana yeye ndiye anayesikiliza kuliko wote. Swali kama "wasemaje?" ni kubwa sana, linamtaka atunge hotuba mbele ya watu na wote wamegeuka wanamwangalia. Muulize vidogo vya kushikika. "Umekaa wapi ukumbini?" "Upinde umeuwacha nje ama umeuficha?" "Yule mtoto anayeuza karanga amekuangalia, unamnunulia?" Ndio ama hapana inatosha, na kila jibu lake lifanye kitu kitokee. Akinunua karanga mtoto amwambie kitu ambacho hakuna mwengine mezani anakijua. Sasa lazima wenzake wamgeukie wao, si wewe.

Na katikati ya wiki mtumie meseji WhatsApp, yeye peke yake. "Usiku umelala, umeota nini?" Mimi DM wangu alifanya hivyo nikamwandikia kurasa, mezani sikuweza kusema hata nusu yake lakini nilikuja na kitu kifuani kila Jumamosi.

Kaskazi_Bamburi

Huyo wa simu mpe kazi ya ulinzi, karakta wake awe mtu wa kuangalia mlango na bahari. Akiitwa kazini kweli kwenye stori ameenda kuchungulia meli, akirudi unampa habari alizoziona, wenzake wanamuuliza. Hakuna anayepoteza. Na simu iwekwe mezani kifudifudi yenye mlio, si mkononi. Mtu hatokosa simu ya kazi na macho yake yatabaki kwa ramani.

Kama shifti zinazidi kuwavuruga kuna mtindo uitwao West Marches, hakuna kikundi cha kudumu, wachezaji wenyewe wapanga siku na wapanga wanakwenda wapi, DM anatayarisha pale tu. Wakirudi wanawasimulia ambao hawakuwepo. Kwa watu wa bandari na hoteli unafaa, lakini kwa stori ya waziri mmoja naona ungebaki na Jumamosi yako.

Mzee_wa_Dadu_Nane

Kitu kimoja tena Nahodha. Wape mwisho. Kampeni ikiwa haina mwisho unaoonekana watu wapunguza kujali polepole, kila jambo linaweza kungoja wiki ijayo. Waambie wazi mezani, "kaskazi ikiisha hii hadithi ya waziri imekwisha, kwa kushinda ama kwa kushindwa, halafu tutaamua pamoja kama tunaendelea na watoto wa karakta hawa ama tunaanza upya." Mtu akijua zimebaki Jumamosi chache karakta wake anaanza kuthubutu, anasema yale aliyoyaweka, anajitoa hata roho. Mimi vikao vilivyonikaa moyoni karibu vyote ni vya mwisho wa kampeni.

NahodhaWaTudor

Mzee wangu nimekubali, nataka tumalize kabla ya Ramadhani, na upepo wenyewe utakuwa ushaanza kugeuka kwenye stori. Nawatangazia Jumamosi hii.

Dada Binti nikuulize la mwisho halafu nikuwache. Dada wa baharia kule Pate. Nimepanga wamkute ghalani kwa waziri, ndiye anayeandika hesabu za shehena, jina lake liko kwenye kila karatasi ya mauzo. Je awe amefungwa analazimishwa ama awe anafanya kwa hiari yake? Nimezunguka na hili tangu asubuhi.

BintiKibokoni

Kwa hiari! Akiwa amefungwa watavunja mlango watamchukua, kazi ya nusu saa. Akiwa kwa hiari baharia lazima akae chini aongee na dada yake, na waliachana vibaya, ameandika mwenyewe.

Lakini sababu yake usiitunge wewe. Mlango ukifunguka, dada amekaa pale na kalamu, ameinua macho, simamisha hapo. Mgeukie mwenye simu umuulize, "wewe ndiye unayemjua, kwa nini amekubali kazi hii?" Atakachojibu ndicho hicho, kiandike, na waziri wako umrekebishe akifuate.

NahodhaWaTudor

Ntafanya hivyo hivyo. Ntarudi Jumapili niwaambie amesema nini.